Mfagiaji wa Ukumbi wa Nyuma

Zang Guifen alikuwa amefagia ukumbi wa mke wa Konfusio, nyuma ya hekalu, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote mumewe hakuwa amewahi kutia mguu humo. Mumewe, Yan Deshun, alikuwa mwalimu mstaafu, na hapa Qufu, mji wa kwao Konfusio, hakuna duka alilopita asiamkiwe. Guifen yeye aliitwa Mama Yan, na wengine hawakumwita chochote.

Siku Mwalimu alipotimiza miaka sabini, wanafunzi wake wa zamani walikuja kutoka mji wa Jinan kumpongeza. Guifen aliamka alfajiri, akafunga jiaozi mia mbili, vifurushi vya unga vyenye nyama na kabichi, kisha akaenda kazini kwa sababu alinyimwa ruhusa. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu baridi ianze. Alipanda ngazi za mawe moja moja, kama mtoto.

Saa tano akawaona wageni katika ua wa hekalu. Mwalimu aliwaingiza katika ukumbi mkubwa, wakainama mbele ya sanamu ya Konfusio, akawaeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Na huko nyuma, Mwalimu?" mwanafunzi mmoja akauliza walipotoka.

"Huko hakuna kitu. Hata sanamu hamna, ni kibao tu chenye jina la mkewe. Twendeni, chakula kinapoa."

Guifen alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ufagio mkononi. Macho yake na ya mumewe yakakutana.

Mwanafunzi yule akamgeukia. "Mama, samahani, choo kiko wapi?"

Akamwonyesha. Mwalimu akatazama viatu vyake mwenyewe.

Jioni Guifen alikuta vyombo vichafu vimejaa meza nzima. Hakugusa hata kimoja. Alijitupa kitandani, akageukia ukutani.

"Guifen, unaumwa?"

"Nimechoka."

"Ni wale wageni?"

"Deshun, nimechoka tu. Niache."

Kesho yake mchana, Qin, mlinzi wa mlango, alipaza sauti: "Mama Yan, njoo uone! Mwalimu kapotea njia, kaja huku kwetu!"

Deshun alikuwa amesimama kizingitini, chupa ya chai kwapani.

"Umefuata nini?" Guifen akauliza. "Si hakuna kitu?"

"Nimekuletea uji. Umeungua kidogo."

Qin akafungua kifuniko, akanusa. "Kidogo? Mwalimu, wewe na jiko mmegombana."

Guifen aliketi kwenye ngazi, akaunywa wote. Alikuwa na njaa, hakuwa amesamehe. Deshun akaingia ndani peke yake, akakaa kitambo. Alipotoka alisema, "Jana ilinipasa kukutambulisha."

"Ndiyo. Ilikupasa."



Tangu hapo Mwalimu alikuja kila Jumanne na Ijumaa kumsaidia kufagia. Alifagia vibaya, na Guifen alilazimika kurudia. Majani yalipoanza kupukutika, goti likagoma kabisa, akaacha kazi. Siku hizi hulala mpaka jua liingie dirishani, na bado huamka amechoka.