Mgowe Kwenye Duka la Kalinga

Philbert Kalinga alikuwa na duka la chumba kimoja Mlandege, hapa Iringa. Kaunta moja, rafu tatu, na kopo la kupimia chumvi. Akishakupimia, alikuongezea kidogo juu ya kipimo, hata kama wewe ni mtu wa kumtukana. Mimi najua, kwa sababu cherehani yangu ilikaa barazani kwake miaka saba, na aliyekaa barazani husikia kila neno la dukani. Naitwa Yotamu, natoka Ilula, na mkiniona nakasirika katika habari hii msinikatize, maana sijamaliza kukasirika tangu mwaka hamsini na saba.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi na moja, kampuni moja iliyokuwa na duka kubwa Mbeya ilifungua jingine Iringa, kwenye barabara kuu. Watu waliliita Stoo. Ndani hakukuwa na kaunta. Sabuni, sukari, kiberiti, blanketi, vyote viliwekwa wazi kwenye rafu, na mteja alitakiwa achukue kikapu cha waya, apite mwenyewe, achague kwa mkono wake, kisha alipe mlangoni wakati wa kutoka. Watu wa Mlandege walikwenda kutazama, wakaishia nje. Kwetu ukigusa sabuni ya mtu kabla hujalipa, jina lako ni mwizi. Wiki nzima walisimama pale wakichungulia, wakingoja mtu awaulize wanataka nini, na hakuna aliyewauliza.

Ndipo Asukile akaja dukani kwa Kalinga. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, koti lake jeupe la Stoo limepigwa pasi mpaka limekuwa gumu. Alikuwa ametolewa Mbeya kuja kuwasimamia wenzake wa hapa, na kumtafsiria Bwana meneja, Mzungu ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo".

"Kaka, wewe unajua biashara," alimwambia Kalinga. "Njoo ujifunze hii ya kisasa. Miezi mitatu tu. Mshahara hakuna, maana ni kujifunza, lakini ukimaliza kuna nafasi ya ukarani."

"Miezi mitatu bure?"

"Shuleni ulikuwa unalipwa?"

Kalinga akacheka. Jibu hilo lilimshinda. Jioni alimweleza mkewe, Severina, kwamba akipata ukarani watakuwa na mshahara wa kila mwezi, na akikosa, basi siri ya duka la kisasa atakuwa ameijua na ataileta Mlandege. Severina alimuuliza duka litakaa na nani. Kalinga akasema litakaa naye, Severina, akitoka shamba. Severina akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sindano yangu. Ningesema neno siku ile. Sikusema, kwa sababu hata mimi koti lile lilikuwa limenivutia.

Basi Kalinga akavaa koti jeupe, akawekwa mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Watu wa Mlandege walipomwona yeye, wakasogea. Bibi Rozalia, ambaye alikuwa akinunua kwake chumvi kila Jumatano, alimshika mkono.

"Kalinga, nikichukua hawataniita polisi?"

"Chukua tu, mama. Mimi si niko hapa?"

Akampa kikapu, akatembea naye mpaka kwenye chumvi, akamwonyesha jinsi ya kuinua pakiti na kuiweka ndani. Bibi Rozalia alitoka pale amejaa furaha, akaenda akawaambia wengine. Wakaja. Kalinga akawafundisha wote, mmoja mmoja, kwa upole wake ule ule, na jioni alirudi nyumbani akisema kazi inakwenda vizuri sana.

Kwetu haikwenda. Severina alifungua alasiri, lakini bidhaa zikawa zinaisha na hakukuwa na mtu wa kwenda kuzinunua. Na hata zilizobaki hazikununuliwa, maana wateja walikuwa Stoo, wakisalimiana na Kalinga. Mwezi wa pili duka likafungwa kabisa. Mimi nikabaki nashona mbele ya mlango uliofungwa, na mtu haleti suruali yake mahali panapoonekana pamehamwa.

Miezi mitatu iliisha. Asukile akamwambia wameongeza mitatu mingine, ya kukomaa. Kalinga akaendelea. Alidhani ameanza kitu na itakuwa aibu kukiacha katikati. Mvua za mwezi wa tatu zikaangusha ukuta wa nyuma wa duka, na akapita bwana mmoja anayeshughulika na leseni, akatazama pale penye shimo, akasema duka lenye kuta tatu si duka. Kama ifikapo mwisho wa Mei ukuta haupo, leseni itakwenda kwa mwingine, na walioitaka walikuwa wengi.

Mei ilipoanza, Kalinga alimaliza ile miezi yake ya kukomaa akaenda kuuliza habari za nafasi. Bwana meneja alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, hakumpigia mtu kelele. Kwa kinywa cha Asukile alimwambia kwamba amefanya vizuri kabisa. Amefanya vizuri mpaka wateja wote wameshajua kununua wenyewe, kwa hiyo pale mlangoni hahitajiki mtu tena. Nafasi ya ukarani haipo. Ila akipenda, anaweza kwenda kujifunza zaidi kwenye duka la Mbeya, miezi mitatu.

Alirudi mchana ule, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani yangu, koti bado mwilini.

"Yotamu, hebu nieleze. Mimi nilikuwa mfanyakazi pale?"

"Hapana. Hukulipwa."

"Nilikuwa mwanafunzi?"

"Ulijifunza nini?"

Akafikiri. "Kusimama mlangoni."

"Hicho ulikijua tangu zamani."

"Basi nilikuwa nani?"

Nilikuwa nashona shati la mwalimu mmoja, na kwa hasira nikaunga mkono wa kushoto upande wa kulia. Kalinga aliniangalia nikifumua, akauliza tena lile lile, alikuwa nani. Hakuwa anatania. Mtu aliyepima chumvi maisha yake yote alikuwa ameshindwa kujua ametoa nini na amepata nini.

Severina ndiye aliyempa jina la kitu chenyewe. Alikuwa anatoka shamba, jembe begani, akasikia swali.

"Ulikuwa kwenye mgowe, Baba Matilda. Sasa unalia nini? Waite, zamu yako imefika."

Niwaeleze wasio wa huku. Mgowe ni kazi ya kusaidiana. Nikikuita, unakuja na jembe lako, unalima kwangu siku nzima, mimi natoa pombe na chakula. Hakuna mshahara. Lakini siku utakayoniita wewe, nisipokuja, mimi si mtu tena. Kazi ya bure isiyo na zamu ya kurudisha hatukuwa nayo, hata neno lake sijui. Kwa hiyo Severina aliposema vile, mambo yote yakakaa sawa kichwani mwa Kalinga. Miezi sita amewafanyia. Wao watamfanyia siku moja tu, ukuta mmoja. Aliona hata anawaonea huruma.

Mimi na Kalinga tulikwenda kumwita meneja. Kalinga alivua kofia, akaongea taratibu. Akasema hana kinyongo, kazi ya Stoo aliifanya kwa moyo, na sasa anamkaribisha Bwana na watu wake Jumamosi, waje wamsaidie kusimamisha ukuta. Matofali atafyatua mwenyewe. Pombe ipo, na kama Bwana hanywi pombe, chai ipo.

Asukile alitafsiri. Meneja alikunja uso, akauliza kitu, akajibiwa, akakunja uso zaidi. Kisha akaongea muda mrefu, akinyoosha kidole mara kwenye saa, mara mlangoni. Asukile alikuwa anatokwa na jasho.

"Bwana anasema sawa," alisema. "Jumamosi ijayo, siyo hii."

Mimi nilishangaa Kiingereza kinavyotaka maneno mengi kusema sawa. Lakini Kalinga alikuwa ameshaanza kushukuru kwa mikono miwili.

Tulifyatua matofali siku tatu, yakakauka. Severina akapika pombe, akaazima na kiti chenye mgongo kwa katekista, cha meneja. Jumamosi yenyewe, jua halijapanda, Asukile akatokea na wenzake wanne wa Stoo, nao pia wa kujifunza, makoti wameyakunja kwapani. Nyuma yao hakukuwa na mtu.

"Bwana anakuja na gari?" aliuliza Kalinga.

Asukile aliweka koti lake juu ya kile kiti. "Haji, kaka. Hakusema sawa. Alisema haelewi unataka nini, na kwamba nikutoe nje."

"Sasa wewe uliniambia sawa kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi niliyekuja kukuchukua hapa. Ilinishinda kukwambia hapana tena."

Kalinga alikuwa ameshika mwiko wa kujengea. Nilisimama, maana nilidhani atampiga, na nakiri nilitaka ampige. Wahehe tuna sifa hiyo na siku nyingine sifa inastahili. Lakini alikuwa akimtazama tu, kisha akatazama barabarani, kisha akamtazama tena, kama mtu aliyeambiwa mzigo wake umeshushwa mji mwingine.

"Wewe wanakulipa kiasi gani?" aliuliza mwisho.

"Mimi bado najifunza, kaka."

"Si wewe msimamizi?"

"Ndiyo. Najifunza kusimamia. Wananipa posho ya unga na koti."

"Tangu lini?"

"Tangu Mbeya. Huu mwaka wa pili."

Nilikaa chini. Hasira yangu yote nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya mtu huyu, na sasa sikujua niipeleke wapi. Nadhani Kalinga naye hakujua. Alimpa Asukile ndoo.

"Basi kanyaga tope," alisema.

Tulijenga. Asukile alijenga kuliko sisi wote. Kumbe baba yake Rungwe alikuwa fundi, na mstari wake wa matofali ulinyooka bila kamba. Saa tano akapita Bibi Rozalia na kikapu kitupu, akilalamika kwamba Stoo leo kuna balaa, Mzungu yuko peke yake, watu wamejaza vikapu na hakuna wa kupokea hela wala wa kusema nao. Alipowaona wale watano wamejaa tope mpaka magotini akaweka kikapu chini, akaenda kuchota maji. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umesimama, pombe imekwisha, na kile kiti cha katekista hakukikalia mtu.

Jumatatu asubuhi Asukile alikuja na kisanduku chake cha bati. Koti hakuwa nalo.

"Wamenifukuza," alisema.

"Kwenye kazi gani?" nilimuuliza. Sikuwa namkejeli, nilitaka kujua, kwa sababu sikuelewa mtu anafukuzwaje kazi ambayo hajawahi kupewa. Alikaa juu ya kisanduku chake. Nauli ya kurudi Rungwe hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, angefika kwao akasema ametoka wapi?

Wiki ile bwana wa leseni alikuja, akagonga ukuta kwa fundo la kidole, akaondoka ameridhika. Kalinga akauza mbuzi wake wawili, akanunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, akafungua. Asukile alikuwa amelala siku zote hizo kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa Kalinga, akiogopa hata kula mbele za watu. Siku ya kufungua, Kalinga alimwambia aingie ndani ya kaunta, amsaidie kupima.

Wateja waliokuja siku ile hawakuwa wengi. Bibi Rozalia alikuja, na majirani kadhaa, na mwalimu wa lile shati. Wengine walipita barabarani na vikapu vyao vya Stoo, wakatupungia mkono vizuri tu, na sijui hadi leo kama duka la Kalinga lilikuwa linarudi au linaaga. Asukile alipima, akafunga chumvi kwenye magazeti, akafagia, na kila alichofanya alimgeukia Kalinga kwanza kuona kama amekosea.

Jua lilipokaribia kuzama, Kalinga alitoa shilingi mbili kwenye droo, akaziweka juu ya kaunta mbele ya Asukile. Asukile akazichukua, akazirudisha kwenye droo. Alidhani kuna mteja amezisahau. Kalinga akazitoa tena.

"Hizo ni zako."

"Za nini, kaka?"

"Za leo."

Asukile alizitazama pale kwenye mbao, mikono ameificha nyuma. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa vyangu barazani, nikainama zaidi ili wasinione usoni.

"Na ile miezi mitatu ya kujifunza kwanza?" aliuliza.

"Miezi mitatu gani?" alisema Kalinga, akaanza kufunga dirisha.