Ubeti Asiougusa Kiyomi Otaki

Saa saba mchana, katika ukumbi wa nyumba ya maji moto nje kidogo ya mji wa Hachinohe, Kiyomi Otaki hatulii. Anakaa, anasimama, anakaza mkanda wa kimono, anachungulia pazia. Wazee waliotoka kuoga, mashavu yamewaiva, wanakula tambi huku wakimngoja.

Ana miaka sitini na mmoja. Nusu ya umri huo ameishi kwa kuimba enka, nyimbo za majonzi, akiendesha gari mji kwa mji, spika na kimono vikiwa kwenye buti. Kaseti zake anaziuza mwenyewe mlangoni.

Wimbo uliompa jina ni mmoja tu: mama wa bandarini anakata roho peke yake, huku binti yake akiimba Tokyo. Mama huyo ni wa Kiyomi. Watu huudai wimbo huo, nao huulilia.

"Ndio ulionilisha," anasema, "na ndio ulioninyang'anya dada."

Dada yake mkubwa, Sadae, mpasua ngisi sokoni, alimsusa tangu wimbo utoke. Mwaka jana alitokea ukumbini bila taarifa, akakaa nyuma kabisa. Onyesho lilipokwisha, akamfuata chumba cha kuvalia.

"Mama hakufa peke yake," alimwambia. "Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Umeniimba kana kwamba sikuzaliwa."

Maneno ya wimbo hakuyatunga Kiyomi, aliyatunga Mzee Tominaga, ambaye hata kwa akina Kiyomi hajawahi kufika. Kiyomi alikwenda kumwomba abadili ubeti wa pili, ule wa mama kufa peke yake. Mzee akakataa katakata: tukimwingiza dada, alisema, nani atalia?

Tangu hapo ubeti huo haugusi. Muziki ukifika pale husimama kimya mpaka upite.

Leo pia, jukwaani, anasimama hivyo. Minong'ono inaanza.

"Maneno yamekupotea, binti?" anauliza mzee mmoja, na wenzake wanacheka. Kiyomi anainamisha kichwa, kisha anauchukua ubeti wa tatu.

Kumbi mbili zimeshaacha kumwita. Lakini Jumatatu anarudi kwa Mzee Tominaga, na safari hii Sadae amekubali kufunga kibanda chake waende wote.

"Dada kaniambia nisifungue mdomo," anasema Kiyomi, akisaka funguo za gari ambazo anazo mkononi. "Ataongea yeye. Anataka yule mzee amtazame usoni kwanza, ndipo amwambie kwamba yeye Dada hakuwepo Mama alipokata roho."