Wakubwa Wote Kwenye Herufi M

Wenzangu, nawaeleza aibu iliyonipata juzi katika duka letu la ushirika hapa Ujiji. Niliacha shule mapema wazazi walipofariki, na wadogo zangu wanakula kwa kazi yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio: kujifunza kutunza kumbukumbu za duka kwa kadi. Kila mwanachama ana kadi yake, ambayo lazima ionekane kabla hajapewa bidhaa, na kadi hupangwa sandukuni kwa herufi ya kwanza ya jina. Nilizipanga kwa bidii, nikajiona karani kamili.

Siku ya kupimwa, mkaguzi alikuta foleni ya sukari. Mbele alisimama Mzee Kagoma.

"Ndugu, tuone kadi yake," mkaguzi alisema, akafungua mwenyewe herufi K. Hapakuwa na kitu. Akajaribu N, R na S. Patupu. Herufi M ilijaa hadi kadi zimepinda.

"Mbona mji mzima uko hapa?" Akachomoa chache, akasoma kwa sauti: "Mzee Ruhinda. Mama Zainabu. Mzee Bukuru."

"Nilishindwa kuwaandika wakubwa majina matupu," nikajibu, macho chini.

Foleni ikaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sanduku halijui mkubwa wala mdogo. Mkaguzi akamwaga kadi zote mezani, akakunja mikono, akaningoja nitafute ya Mzee Kagoma. Nikaanza kuzipekua moja moja.

Mzee Kagoma akaegemea meza, akaniambia kwa upole uliouma kuliko kicheko: "Mjukuu wangu, heshima yako tumeipokea. Sasa tupe na sukari."