Petro Aliyezama Kwenye Ngolo

Mtu mmoja akikwambia picha yako ni mbaya, unaweza kusema hana macho. Lakini kanisa zima likiangua kicheko pazia likivutwa tu, katekista akiwemo, huna pa kukimbilia. Hayo ndiyo yaliyompata Otilia Kapinga, mchoraji wa Kigonsera, siku alipopeleka picha ya Mtakatifu Petro kwenye kigango kipya upande wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa.

Kigango kilikuwa kimepewa jina la Petro kwa sababu waumini wake ni wavuvi, na wavuvi hao walitaka nyuma ya altare akae mwenzao, akizama, na Yesu akimwokoa. Otilia alimchora Yesu vizuri. Petro naye hakuwa na kasoro kubwa, ukiacha shingo. Balaa lilikuwa maji. Otilia ni Mmatengo. Tangu akiwa binti mdogo amelima ngolo, yale mashimo ya miraba ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo, tuta huku, tuta kule, shimo katikati, mlima mzima. Mkono wake ulipoagizwa kuchora mawimbi ukafanya kazi unayoijua. Ziwa likatoka na matuta yaliyonyooka, miraba safi kabisa, tayari kwa maharage.

"Jamani, huyu Petro anazama shambani," akasema mvuvi mmoja.

"Muulizeni kama ameshapalilia," akadakia mwingine.

Katekista Pankras aliinua mkono kuwatuliza, huku mabega yake mwenyewe yakitikisika. Mtu mmoja tu hakucheka: Benadetha, mama mzee aliyekuwa akifagia kanisa, aliyekaa benchi la nyuma akiutazama ule ubao wa picha. Otilia alidhani amesinzia macho wazi.

Nje ya kanisa Pankras alijitahidi kuwa na huruma, akamwita Otilia kwa jina la mwanawe. "Mama Asteria, usiwawekee kinyongo. Baraza limesema tukupe nafasi nyingine. Baba Askofu anakuja mwezi wa tisa kubariki kanisa. Ikishindikana, basi, tutachapisha Songea. Zile za mashine. Zinatoka siku hiyo hiyo."

Bora angemtukana. Mashine hizo zilikuwa zimeshamnyang'anya Otilia saluni zote za Mbinga mjini, mabucha, na maduka ya pembejeo. Zamani kila ng'ombe aliyetabasamu juu ya mlango wa bucha alikuwa ng'ombe wa Otilia. Siku hizi ni picha za kompyuta, warembo wa nchi isiyojulikana wenye nywele zisizopatikana hapa. Kwake yalibaki makanisa tu. Kama na watakatifu nao wanachapishwa, basi angebaki na kahawa ya mumewe, na kahawa haijawahi kuhitaji mchoraji. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo alitaka kitu kimoja duniani: picha yake ikae kwenye ukuta ule, na vile vinywa vifungwe.

Mumewe, Sixbert, alipewa habari akiwa anachambua kahawa, akaona jawabu palepale. "Si uteremke ziwani ukatazame maji? Lami imefika mpaka Mbamba Bay. Unapanda gari asubuhi, unatazama maji, unarudi unapika."

Jawabu lilikuwa zuri, ndiyo maana Otilia alilikasirikia. Aende akakae kwenye mchanga wa Lundo na penseli yake, mbele ya watu walewale, ajifunze wimbi likoje? Heri afe mjinga. Mtu aliyechekwa hajifunzi mbele ya waliomcheka, hata kama darasa ni bure.

Mungu, ambaye inaonekana naye hupenda mzaha, akamletea Bibi Gerlinde. Huyu alikuwa Mjerumani, mwalimu mstaafu aliyefundisha misheni enzi za ujana wake, na mpaka leo hukitumia Kiswahili chake bila huruma. Aliandaa likizo ya kuchora huko kwao, kando ya ziwa moja chini ya milima ya theluji, na marafiki wa parokia walikuwa tayari kumlipia Otilia safari.

"Likizo ya kuchora," akasema Sixbert polepole. "Yaani wanapumzika kwa kufanya kazi yako?"

"Ndiyo."

"Na ziwa?"

"Lipo."

"Sisi tuna ziwa hapo chini, refu halijaisha mpaka Msumbiji, wewe unapanda ndege kutafuta lingine. Na kahawa inaiva." Lakini alimsindikiza mpaka stendi, akambebea begi, na kila aliyekutana naye njiani akamwambia kwamba mke wake anakwenda Ulaya kikazi.

Ubalozini walimuuliza Otilia kama atarudi. Akawaambia ana maharage shambani. Wakamgongea muhuri.

Wachoraji wa kule walikuwa wastaafu wenye kofia pana: hakimu mmoja, daktari wa meno, wajane kadhaa. Asubuhi walikula mkate na jibini, mchana mkate na jibini, na jioni, ili kubadilisha, jibini na mkate. Halafu kila mtu alibeba stendi yake ya kuegemezea picha, akaketi ufukweni mbele ya turubai ya kuchorea, kimya. Kwa Otilia kimya kile kilikuwa cha matanga. Mtu amekaa karibu nawe tangu asubuhi, hajakuuliza hata kama watoto hawajambo! Siku ya kwanza alizunguka kuwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja. Wakadhani anaaga, wakamsikitikia.

Rangi ya mafuta aliijua tangu zamani, lakini ile ya kopo, ya kupaka mageti. Ya hapa ilitoka kwenye vijibomba kama dawa ya meno, laini kama siagi, na haikauki upesi. Unaweza kumchora mtu leo na kumbadilisha pua wiki ijayo. Hilo alilipenda mno. Angekuwa nayo zamani, ile shingo ya Petro ingepona.

Mwalimu wao, Bwana Matthias, alikuwa na ndevu nyingi na maneno machache, na Bibi Gerlinde ndiye aliyeyatafsiri. "Anasema finya macho. Usichore unachokijua. Chora unachokiona."

Otilia alifinya macho, akaona milima. Akageuza kiti, akalipa ziwa kisogo, akaichora. Picha ilitoka nzuri ajabu. Wajane waliacha picha zao za ziwa wakaja kuishangaa, daktari wa meno akaipiga picha. Kesho yake akachora milima tena. Bwana Matthias alikuja, akamgeuza na kiti chake kumwelekeza majini. Alipoondoka, Otilia akajigeuza.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa maji. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata Sixbert. Alikulia mahali ambapo maji hukaa ndooni, au kwenye kijito unachokiruka ukiwa na mzigo kichwani. Kule Lundo hakuwahi kuvuka vichanja vya kuanikia dagaa. Maji mengi yalikuwa yanatingishika bila kutingishwa na mtu. Alilichora ziwa kama shamba kwa sababu shamba ndicho kitu kipana pekee ambacho aliwahi kukanyaga bila hofu.

Siku chache kabla ya kuondoka alijiapiza. Hakuvuka mawingu kuja kuchora milima, milima anayo kwao. Akabeba stendi mpaka mwisho wa gati la mbao, akaketi, akalitazama ziwa usoni. Lilikuwa limetulia kama chai kwenye kisosi. "Kumbe ndiyo wewe," akaliambia kwa Kimatengo, na akaanza kulidharau.

Upepo ukashuka kutoka kwenye ile milima yake aliyoisifu siku zote hizo. Ukaibeba turubai, stendi ikafuata. Mtu mwenye akili angeachia. Lakini Otilia ni mtoto wa mkulima, hakufundishwa kuachia kitu cha watu. Akaing'ang'ania, na wote watatu wakaingia majini.

Bwana Matthias alifika wa kwanza, akamkamata vidole. Vidole vilikuwa na mafuta na rangi, vikachomoka, Otilia akarudi chini. Alifungua mdomo amwite Sixbert, ukajaa ziwa. Hapo alijua kwamba anakufa, nchi ya watu, tumboni hana kitu ila jibini. Halafu kitu kigumu kikambana kifundo cha mkono. Ni Bibi Gerlinde, pamoja na miaka yake yote, kalala kifudifudi juu ya mbao.

"Otilia!" akapiga kelele kwa Kiswahili chake. "Simama! Kuna chini!"

Otilia akasimama. Maji yalimfika kifuani.

Wajane wakapiga makofi. Hakimu akavua kofia. Otilia alilia mbele ya wote, kwa aibu kidogo na kwa woga sana, na hakuacha mpaka walipompa chai. Angeweza kusimama tangu mwanzo. Lakini anayezama hatafuti chini, na hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa kwenye kiti.

Siku zilizobaki hakuchora mlima wala ziwa. Aliomba kioo, akachora uso wake, mdomo ukiwa wazi na sauti haitoki, macho hayamtazami mtu. Akaufuta, akauchora tena. Bwana Matthias alisimama nyuma yake, akafinya macho. Daktari wa meno alisema meno yamekaa sawa.

Nyumbani Sixbert aliutazama ule uso. "Nani huyu?"

"Mimi."

"Umekwenda Ulaya kujichora ukipiga kelele? Hata hapa ulikuwa unapiga."

Otilia alikuwa amerudi na rangi za vijibomba, zawadi ya Bibi Gerlinde, na alishaweka ubao mpya ukutani. Petro wa safari hii alipewa uso ule. Maji hayakuwa mengi, yalikuwa yale tu anayoyaona mtu aliyefikiwa kidevuni: kijani kizito, hayana mstari, hayana upande. Na mkono wa Yesu ukashuka kutoka juu kwa upole, vidole vikigusa vidole, kama kwenye kadi za Komunyo ya Kwanza. Otilia aliuona mzuri sana.

Alipoufikisha ubao Lundo, siku moja kabla ya Askofu kufika, rangi ilikuwa bado mbichi. Pankras alivuta pazia. Wavuvi walikuwa wamejiandaa kucheka, vinywa vimeshafunguliwa. Vikabaki wazi hivyo hivyo, na watu kadhaa wakatazama sakafuni.

"Petro huyu ni Mmatengo," mmoja akasema mwishowe.

Hapo wakacheka, lakini safari hii Otilia alicheka nao. Mwingine akalalamika kwamba mvuvi hawezi kuzama kizembe hivyo, Pankras akamjibu kwamba imeandikwa, akagombane na Mathayo. Baraza likasema picha inakaa. Otilia akajisikia amenenepa. Alikuwa amepata alichokitaka, na alianza kufikiria mashine ya Songea kwa huruma.

Ndipo Benadetha akaja mbele, ufagio mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema Otilia.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri." Akasogea karibu na ubao. "Ila mkono sio. Mwambie asimshike vidole. Vidole vinateleza. Amshike hapa." Akaweka ufagio chini, akajibana kifundo cha mkono. "Mwanangu Baltazar, mtumbwi ulipopinduka, wenzake walimshika vidole."

Wawili kati ya wale wavuvi, waliokuwa wakicheka zaidi ya wote, walitoka nje. Otilia akaona aibu kubwa kuliko ile ya gatini. Alikuwa anajua. Kifundo chake kilikaa na alama ya mkono wa Bibi Gerlinde mpaka akafika nyumbani, na bado alichora vidole, kwa sababu vidole vinapendeza.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nitaurekebisha sasa hivi."

Akavikwangua vidole kwa kisu. Alichora upya hapohapo altareni, Benadetha akiwa amekaa benchi la mbele akimnyooshea mkono wake mwenyewe ili atazame kifundo, na hakuushusha mpaka kazi ikaisha. Mkono wa Yesu ukatoka mnene na mbaya, mishipa nje, mkono wa mtu avutaye nyavu. Ulikuwa umeshika na hauonyeshi kuachia.

Benadetha alisimama, akaugusa ule mshiko kwa kidole gumba, akakandamiza, akajaribu kama unakaza. Alipotoa kidole, rangi ilikuwa imebonyea, na alama yake imebaki pale ngozi ya Yesu inapokutana na ngozi ya Petro.

"Haachii," akasema, akaokota ufagio wake.

Alipotoka, Pankras alikuja mbio na kitambaa. "Mama Asteria, isawazishe hiyo. Kesho Baba Askofu atadhani ni uchafu."

Otilia alimpokonya kitambaa. "Katekista, ukiigusa hiyo nitakutumbukiza ziwani kwa mikono yangu. Na ukininyooshea mkono nikuvute, nitakushika vidole."

Kesho yake Askofu alibariki kanisa, altare na picha. Alisimama mbele ya Petro, akafinya macho, akauliza ile alama ni ya nini. Pankras alimtazama Otilia kwanza, halafu ziwa lililoonekana mlangoni.

"Ni ya mama mmoja wa hapa, Baba," akasema. "Alikuwa anahakikisha."