Mchungwa Uliochanua Umekwisha Kufa

Nakumbuka siku moja ya likizo ya kiangazi, mwanangu, nikiwa na kisu kipya, elimu mpya, na akili ile ile ya zamani. Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi niko darasa la kumi, wewe umeingia la tano juzi. Hapa bwenini mimi ni mzee wako kabisa. Kaa usikilize.

Kwetu ni Kigwa, relini. Nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake baba, palikuwa na mchungwa mmoja. Aliupanda baba yake bibi, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani akarudi na mbegu ndani ya kibuyu cha tumbaku. Vita vya Mjerumani vilipokuja akachukuliwa tena kubeba mizigo, uzeeni, na hakurudi. Kaburi hakuna. Basi kila asubuhi bibi alitoka, akaugusa mchungwa, akasema, "Mwangaluka, baba." Yaani, umeamkaje, baba. Kisha akatega sikio kidogo, kama mtu anayejibiwa.

Nami nikamtania, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani.

"Bibi, mti hauna masikio. Mwalimu katufundisha: una mizizi ya kunywea na majani ya kupikia, basi."

"Na wewe, mume wangu, una masikio mawili. Mbona hukusikia nilipokutuma maji?"

Alikuwa hivyo bibi. Humshindi.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba maji hupanda ndani ya mti, majani huyapika kwa jua, na chakula hushuka kwa njia ya gome kwenda kulisha mizizi. Nikataka kuona. Wengine huridhika kuandika daftarini. Mimi, mwanangu, nikauvua mchungwa gome upana wa vidole vinne, mzunguko mzima. Nikaucheka: umevaa mkanda kama askari wa boma! Halafu nikakumbuka. Bibi ataona. Nikakata miiba, nikalizungushia shina, nikamwambia ni ya kuzuia mbuzi.

Akanibariki. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Leo umemtunza baba yangu."

Baraka ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Angenipiga, ningesema yote.

Desemba nikarudi nikiogopa, nikakuta mchungwa umechanua kuliko miaka yote. Nyuki wanavuma, ua mzima unanukia. Bibi alikuwa akiwaita majirani: "Njooni mwone, baba amefurahi!" Nami nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema moyoni, kumbe hakuna kilichoharibika.

Shule ilipofunguliwa nikamwuliza mwalimu, kana kwamba mti ni wa mtu mwingine. Hakuinua hata kichwa.

"Mti huo umekwisha kufa. Majani bado yanapata maji, kwa hiyo hayajapata habari."

"Na maua?"

"Ni chakula kilichokosa njia ya kushuka. Chini mizizi inamaliza akiba yake."

"Dawa yake?"

"Siku ile ile ilikuwapo. Gome bichi hurudishwa mahali pake, likafungwa kwa udongo. Sasa imepita miezi saba. Wewe ungekaa miezi saba bila kula?"

Na bado sikusema. Likizo ya Juni machungwa yakawa mengi, madogomadogo, na bibi akayagawa kijiji kizima. Langu nikawapa mbuzi.

Desemba iliyofuata mvua ikanyesha, pori lote likachipua, mchungwa ukapukutika. Bibi akaitoa ile miiba kwa mikono yake ili aone ni ugonjwa gani. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Nani?"

"Mimi, bibi."

"Lini?"

"Mwaka jana. Siku ile uliponibariki."

Akakaa chini, kwenye tope. "Ungeniambia jioni ile, Yakobo, ningeufunga kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mti uliotafunwa na mbuzi tunaufunga hivyo hivyo. Hata mtoto anajua."

Yakobo. Maisha yangu yote nilikuwa "mume wangu", hakuwahi kuniita hivyo. Sasa ndilo jina langu. Ananipikia, ananiuliza habari za masomo, kwa heshima, kama mgeni aliyeshuka garini. Asubuhi hatoki tena uani. Majuto ni mjukuu, husema wazee, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Nimepanda mbegu nyingine, ikaota. Bibi aliitazama, akasema ni mche mzuri. Hakuusalimu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kuharibu utaharibu, una mikono miwili na hujui kutulia. Lakini kidonda kina siku yake ya kufungwa, na ikipita haiitiki hata uiite kwa machozi. Sema jioni ile ile. Utachapwa, ndiyo, alama ya fimbo hufutika kwa juma moja. Na usiseme "mbona hakuna kilichotokea" kwa kuwa umeona kijani. Mficha maradhi kilio humfichua, ila wazee hawakuniambia kwamba kilio chaweza kuchukua mwaka na nusu, na njiani kikatoa maua.

Nenda kalale. Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, na akuachie watu ambao bado wanaweza kukukasirikia.