Siku Agripina Alipozikataa Mashine Mbili

Kwa miaka tisa nilimsomea mwalimu mwenzangu, Agripina Njiku. Alikuwa akifundisha Historia katika shule yetu ya sekondari hapa Manyoni tangu alipokuwa anaona. Presha ya macho ilipompofusha, akiwa na miaka thelathini na mmoja, wengi walidhani atarudi kwao Ikungi akae. Alirudi darasani baada ya mihula miwili, fimbo nyeupe mkononi, masomo yote kichwani. Kilichokuwa kipya kwenye karatasi alinitegemea mimi.

Sikuwa msomaji mwema kila siku. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikaruka ukurasa mzima wa Vita vya Majimaji nikiamini hautamdhuru. Kesho yake mwanafunzi akamuuliza swali kutoka ukurasa huohuo, na hakuwa na jibu. Kipindi kilipoisha alikuja mezani kwangu.

"Leah, jana uliruka?"

"Niliruka," nikasema.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi siwezi kujua unachokiacha. Hilo ndilo linaloniuma."

Mwaka jana shule ikapata ufadhili wa mashine ya kusomea vitabu, kwa ajili ya wanafunzi kumi na mmoja wasioona wa kitengo chetu maalumu. Muuzaji mmoja mchangamfu, Innocent, alileta skana tatu kutoka Dodoma ili tuchague. Mkuu wa shule, Mwalimu Bonifasi, aliteua kamati ya watu watano. Mimi nilikuwemo. Agripina alikuwemo pia, na ni yeye pekee asiyeona.

Skana ya kwanza ilikuwa kubwa na ya kasi. Innocent alipachika karatasi zilizochapwa vizuri, mashine ikazimeza moja baada ya nyingine, na kompyuta ikaanza kusoma kwa sauti. Tukapiga makofi. Mwalimu Bonifasi alikuwa ameshashika kalamu.

"Naomba niitumie mwenyewe," Agripina akasema. "Na mtu asinisaidie."

Aliipapasa juu, mbele na pembeni. Haikuwa na vitufe, ila kioo laini cha kugusa. Kila alipokigusa kitu kilibadilika, na mashine haikumwambia ni nini. Akatoa mkobani kitabu cha kiada kilichochakaa.

"Hiki nakiweka wapi?"

Innocent akakohoa. "Hiyo inataka karatasi moja moja, mwalimu. Kitabu lazima ukikate uti kwanza."

"Tuchane vitabu vya serikali?"

Innocent akaivuta mashine ya pili.

Ya pili ilikuwa na vitufe, na ilikipokea kitabu bila shida. Lakini programu yake ya kutambua maandishi haikujua Kiswahili. Ilibuni maneno ya Kiingereza mahali ambapo hayakuwepo, kisha ikayatamka kwa kujiamini kabisa. Agripina alicheka. "Hii inasoma kama mtalii aliyeshuka sasa hivi."

Mwalimu Bonifasi akaanza kukosa subira. "Mwalimu, hakuna mashine isiyo na kasoro. Ile ya kwanza ndiyo ya kisasa."

"Ni ya kisasa kwa anayeona, Mkuu. Tukiinunua, wanafunzi kumi na mmoja watakaa wakimsubiri mtu wa kuwabonyezea. Mimi nimesubiri miaka tisa."

Nikainamisha kichwa. Mkuu akaweka kalamu chini.

Ya tatu Innocent alikuwa bado hajaitoa kwenye boksi. Ilikuwa kamera ndogo juu ya mkono wa kukunjwa, na kitufe kimoja kikubwa kilichoinuka. Agripina alikiweka kitabu chini yake kichwa chini miguu juu, kwa makusudi, akabonyeza. Sauti ikasema kwa Kiswahili: "Ukurasa umegeuzwa. Nasoma." Ikasoma. Ilikosea maneno mawili penye doa la chai, mengine yote yakatoka sawa. Akaomba intaneti izimwe, ikaendelea. Akaomba waya wa umeme uchomolewe. Ikaendelea kwa betri ya kompyuta.

"Sasa mwiteni Eliana," akasema.

Eliana alikuwa wa kidato cha pili, hajaona tangu kuzaliwa. Akaamkia, akaelezwa mara moja kitufe kilipo, akaachwa. Tulimsikiliza akifunua kurasa, akibonyeza, akirudia alipotaka kurudia. Baada ya robo saa akainua uso.

"Mwalimu, nimemaliza sura. Naweza kuendelea na nyingine?"

Mwalimu Bonifasi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema, "Hii." Wote watano tukatia saini.

Wiki chache baadaye barua ilitoka halmashauri kuhusu usajili wa mitihani. Mkuu aliisoma haraka ofisini, akatutangazia tarehe ya mwisho, Jumatatu. Agripina akaomba barua hiyo, akaenda nayo kitengoni peke yake. Alirudi akitabasamu.

"Mkuu, ni Ijumaa hii. Jumatatu ni ya shule za msingi."

Chumba kizima cha walimu kilicheka, Mkuu akiwa wa kwanza. Ijumaa saa nne asubuhi majina ya watahiniwa wetu wote yalikuwa yamefika halmashauri.