Boti Waliyoiita Sufuria

Shida zangu zilianza mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi. Baba alifariki kule Kisoko wimbi la uji likiwa limekomaa shambani, na kabla hatujavuna ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana shamba. Mama akarudi kwao. Mimi nikapelekwa Busia kwa shangazi aliyekaanga samaki karibu na mpaka, na shule nikaiacha darasa la tatu. Siombi pole ya mtu. Nasema ili ujue ni nani anayekusimulia habari za boti.

Kwa shangazi nilijifunza samaki. Nilijua aliyelala na aliyevuliwa asubuhi kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Nikaolewa Majanji, kando ya ziwa, na mvuvi, nikazaa, nikakausha samaki kwa moshi mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Mume wangu alipofariki aliniachia boti ya mbao, na mdogo wake ndiye alikuwa nahodha wa boti hiyo. Wazee wa ukoo walitaka shemeji anirithi mimi pamoja na boti. Niliwaambia boti aiendeshe, mimi aniache.

Niseme jambo ambalo watu wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, wanalijua na hawalisemi kanisani. Mwanamke asiye na boti, samaki wakiletwa, anasimama majini na beseni akingoja mvuvi amchague. Pesa anazo mkononi, lakini pesa peke yake hazitoshi. Mvuvi anataka kuzoewa. Anataka kupikiwa, halafu anataka zaidi ya chakula. Mimi boti ilinikinga na hayo, ikawakinga pia binti zangu wawili wanaouza samaki soko la Busia. Kwa hiyo siku mbao zilipooza, nilijua ni kitu gani kinaoza.

Boti ile nilikuwa nimeiziba kwa pamba na lami kila msimu. Fundi wa mbao alikuwa amekuwa kama mtoto wangu wa kulea, maana kila mwezi alikuja kula kwangu. Mbao za siku hizi ni changa, zinakatwa kabla mti haujajua kuwa ni mti. Na mbuta, yule samaki mkubwa ambaye Watanzania wanamwita sangara, amehama pwani yetu. Ukimtaka lazima uende mbali, kwenye maji meusi ambako ukiangalia nyuma huoni hata mti. Huko huendi na boti inayovuja.

Dereva mmoja wa lori, mteja wangu, aliniambia kuna karakana upande wa Kenya wanaunda boti za aluminiamu. Nikamchukua shemeji tukaenda. Njia nzima alininunia.

Uani kulikuwa na boti mbili tayari na moja haijamalizika. Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, inang'aa, chini iko bapa kama sinia. Shemeji akaizunguka akasema, "Kama ni lazima tuaibike, tuaibike na hii yenye rangi."

Nikaigonga kwa vifundo vya vidole, kama ninavyogonga sufuria dukani. Ililia juu juu, ti ti ti, bati jembamba. Nikaangalia maungio, nikakuta imepigwa ribiti mstari mzima. Mwanamke aliyepika maisha yake yote hahitaji kuambiwa kitu hapo. Mshikio wa sufuria unaanza kuvuja wapi? Kwenye ribiti. Na kile kitako bapa, wimbi la mbali lingekipiga makofi mpaka meno ya mabaharia yadondoke. Ya pili ilikuwa fupi mno, haifiki kipimo cha serikali, ningeinunua leo na kunyang'anywa kesho.

Ile isiyomalizika ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa ya rangi ya kijivu, haina urembo, imechomelewa kila mahali. Tumbo lake lilikuwa na uti uliochongoka wa kukata wimbi. Niliingia ndani nikasimama, ubavu ukanifika kwenye nyonga. Nilipoigonga ilijibu kwa sauti nzito, kama mtu mzima aliyeitwa.

Fundi, kijana mpole mwenye miwani nyeusi ya kuchomelea, akaeleza kwamba ndani ya viti atajaza povu gumu, lile jeupe wanalofungia televisheni mpya, kisha atafunga. Akasema hata boti ikijaa maji haitazama. Mimi nimewahi kuuziwa mbuta aliyejazwa mawe tumboni ili azidi uzito. Kitu kilichofungwa sikiamini. Nikamwambia asifunge kiti hata kimoja mpaka nirudi, na nikarudi, nikatia mkono mwenyewe mpaka kwenye kwapa, nikapapasa kila kona, ndipo nikasema funga.

Lakini siku ile ya kwanza shemeji alikuwa ameona kitu kingine. Nyuma, chini kabisa, kulikuwa na tundu lenye kizibo.

"Shemeji, wametoboa," akasema.

Fundi akamwambia ni la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote mimi natoa maji na kopo ili yasibaki ndani. Leo tunanunua boti yenye mlango wa maji. Tuweke na kengele, yabishe hodi."

Nikainunua. Niliuza ng'ombe, na boti ya zamani nikaiuza kama kuni. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana boti nilikuwa nayo na watu wa kuipanda sikuwa nao.

Lori lilipoishusha Majanji, mwalo mzima ulikuja kuangalia. Wakaiita sufuria. Wakasema bati litapiga kelele samaki wakimbie, jua likiwaka litachoma miguu, na ikipinduka itazama kama kijiko wakati mbao huelea. Hayo mawili ya kwanza niliyajibu kwa mikeka ya mafunjo niliyoitandika ndani. La tatu hawakutaka jibu. Shemeji alisema hapandi, na mabaharia hufuata nahodha.

Boti ikakaa imepinduliwa kifudifudi mchangani. Kuku wakataga chini yake. Wanawake wakagundua kwamba mgongo wake una moto mzuri, wakaanza kuanika mukene, wale dagaa wetu, na kweli walikauka haraka kuliko mchangani. Kijana mmoja wa nyavu akanipigia kelele mbele za watu, "Jaja, bibi yetu, asante kwa kichanja!" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini jioni ile binti yangu mkubwa alipiga simu kutoka sokoni akiuliza kama aanze kwenda mwenyewe kungoja samaki kwa watu wengine. Nilikata simu.

Asubuhi yake niliwaambia wanawake waondoe mukene wao. Nikaita vijana, wakaigeuza boti, wakaisukuma majini. Nikakunja gomesi, gauni langu refu, nikapanda.

Mwanamke hapandi boti ya kuvulia, ndivyo wanavyoshika wengi hapa. Wanasema nyavu zitatoka tupu mwaka mzima. Mzee mmoja akaniambia nishuke, namtia laana shemeji yangu. Nikamwambia tukienda visiwani kwa mazishi tunapanda wote, wanawake na maiti, na ziwa halijawahi kuuliza. Nikamwambia shemeji achukue boti ya jirani anivute mpaka pale ambapo mti wa kupimia kina haugusi chini. Nadhani alinivuta kwa sababu alitaka nitishike nirudi.

Mimi sijui kuogelea. Shemeji alilijua hilo, na wote walilijua.

Tulipofika akatumbukiza mti, haukugusa. Akanitazama. Nikainama nyuma, nikang'oa kizibo.

Maji yaliingia kwa utulivu, bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa. Yakanifika vifundoni, yakapanda magotini. Nikakaa kwenye kiti nikashika ubavu. Niliogopa, sitadanganya, lakini uso niliuweka kama niko kanisani. Shemeji akaanza kuvuta kamba. Nikamwambia aache. Maji yakanifika kiunoni, ubavu wa boti ukakaribia kulingana na ziwa, mkeka mmoja ukaelea ukaenda zake. Na hapo boti ikasimama. Haikushuka tena. Ilibaki imenibeba, imejaa pomoni, inayumbayumba polepole kama ng'ombe aliyeshiba.

Shemeji akasogeza boti ya jirani karibu. Kisha akanyoosha mkono akinipa kopo la kutolea maji.

"Shika, shemeji. Mwaga turudi."

"Mimi ni mwenye boti," nikamwambia. "Kumwaga maji ni kazi ya nahodha."

Nikarudisha kizibo mahali pake. Akavua viatu, akaviweka vizuri kwenye boti ya jirani, akaingia kwangu. Tuliketi wawili majini kama watu waliobatizwa, boti ikatubeba wote, na akaanza kumwaga. Alipochoka akasema bila kuniangalia kwamba kile kizibo kikipotea huko mbali atanilaumu mimi. Nikamwambia hakitapotea, kitakaa kwangu, na kila akitaka kwenda ziwani atakuja kukiomba.

Shemeji na mabaharia wake walikwenda maji meusi siku ya tatu. Walirudi na mbuta, si wengi, lakini walirudi wakavu. Yule wa kwanza nilimpika mwenyewe, nikawalisha mabaharia wote, na yule mzee wa laana alikuja na sahani yake. Nilimpa kichwa.

Leo nina nyumba ya matofali Majanji yenye vyumba vitatu. Nina shamba Kisoko, nililonunua kutoka kwa watoto wa wale baba zangu wadogo. Nina ng'ombe wawili na ndama. Nina jiko la kukaushia samaki, na kibanda cha binti zangu soko la Busia, wanakongojea samaki wakiwa wamekaa. Nina boti moja ya aluminiamu, mashine yake, nyavu, na mikeka mipya ya mafunjo. Nina kizibo kimoja, kimefungwa kwenye kamba nyuma ya mlango wangu, na cha akiba.